Malalamiko ya Kufungwa Mapema kwa Chumba cha Gundi

Mheshimiwa Mkutubi Mkuu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na kiti chako kinachozunguka. Mimi ni yule anayekagua mikoba mlangoni mwa maktaba, ambaye kabla ya hapo alikuwa Katibu wa Mradi wa Kutengeneza Vitabu Vilivyochanika. Mradi ulipangiwa miaka miwili. Uliufunga ukiwa na miezi tisa tu, kwa sababu ambayo sijapata kuisikia katika ofisi yoyote inayojiheshimu: eti kazi imekwisha. Kwa unyenyekevu mkubwa nalalamika kama ifuatavyo.

1. Tumeadhibiwa kwa bidii yetu. Wenzetu wa ghorofa ya pili wanahesabu viti mwaka wa sita huu, na juzi wameongezewa feni. Sisi tulikuwa watatu tu: mimi, Fundi Cherehani aliyeshona migongo ya vitabu, na Mzee Gundi. Tulidhani mchapakazi huongezewa kazi. Kumbe huagwa.

2. Utaratibu wetu haukuthaminiwa. Mzee Gundi alikataa katakata kubandika kitabu kabla hakijasomwa kwa sauti mwanzo hadi mwisho, tusije tukapachika ukurasa wa arobaini mahali pa wa nne. Basi yeye anakoroga gundi, Fundi anashona, mimi nasoma. Kitabu kikikosa ukurasa wa mwisho, tulipiga kura kiishe vipi, nami nikauandika kwa mwandiko wangu mzuri. Ni kweli mfugaji mmoja alikuja juu kwamba kitabu cha magonjwa ya kuku kinaisha kwa kuku wote kupona. Zilikuwa kura tatu kwa sifuri, na siombi radhi.

3. Chumba chetu sasa kinatunza mafagio. Mafagio, Mheshimiwa, na dirisha lote lile!

4. Fundi amerudishwa kwenye mapazia. Mzee Gundi amestaafishwa, na binti yake ananiambia mzee anabandika vikombe ambavyo havijavunjika. Mimi nikifika asubuhi sina wa kumsomea. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Nimelificha huku chini kwa sababu naona haya.

5. Wasomaji wamezidi uangalifu. Mwezi mzima nakagua mikoba, sijakuta hata jalada lililolegea. Ustaarabu wa namna hii unaua ajira.

Kwa hiyo naomba watoto wa chini ya miaka mitano waruhusiwe kuingia bila mama zao. Hilo likichelewa, nipewe kibali cha maandishi cha kuchana vitabu kumi kila wiki, kwa mikono yangu mwenyewe, nje ya saa za kazi. Asiye na mwana aeleke jiwe. Na asiye na kitabu kibovu akitengeneze.

Nisalimie katibu muhtasi wako, dereva wako, na hata hao wahesabu viti, nikiwatakia hesabu njema.

Ni mimi mtiifu wako, mwenye brashi iliyokauka,
Aliyekuwa Katibu wa Mradi

Nyongeza: Leo nilichukua kitabu kimoja nikichane, nikiambatanishe hapa kama sampuli. Nimekaa nacho tangu asubuhi. Nilifanikiwa kukunja kona ya ukurasa mmoja, kisha nikainyoosha kwa ukucha na kukiomba msamaha. Basi kibali usinipe. Nipe ruhusa ya Ijumaa mchana tu, nikamsomee mzee nyumbani kwake. Kitabu nitakirudisha kizima.