Nyanya, Mwarobaini na Maji ya Mkonge

Jumatatu, 3 Juni 1974

Baka limeingia kwenye tuta langu! Majani ya nyanya yana madoa meusi, kama yamebandikwa pasi ya mkaa. Unga wa bluu wa kuua ugonjwa huu umekwisha kwenye duka la ushirika, na mwenye duka hajui utaletwa lini. Mwalimu Habakuki katangaza mstarini: Ijumaa anakagua. Tuta lenye ugonjwa litang'olewa na kuchomwa, mwenyewe ahamie kusomba samadi zizini. Mwenye tuta zuri kuliko yote atapeleka nyanya zake Korogwe siku ya Sabasaba. Korogwe! Nasikia kuna maktaba. Vitabu vyenye jalada mbele na nyuma. Chetu cha kilimo kinaanzia katikati ya muhogo.

Lazima niende mimi.

Jumanne, 4 Juni

Nimewaza hadi nikakosa hesabu zote. Kisha nikapata. Bibi hutunywesha mwarobaini tukiwa na homa. Nyanya nazo zina homa. Nikatwanga majani, nikatia maji ndoo nzima, nikachuja kwa shati la shule (sasa la kijani), nikanyunyiza kwa ufagio. Stefania, mwenye tuta la jirani, akauliza hiyo dawa ya nini. Nilitaka kumweleza kisayansi. Nikasema "mm." Wasichana wangekuwa wanauliza kwa maandishi ningejibu vizuri sana.

Jumatano, 5 Juni

Madoa bado yapo! Siku nzima imepita! Mwarobaini haufai. Stefania kaomba dawa iliyobaki. Nikampa, kwa huruma. Akatia kipande cha sabuni ya mche, eti dawa ishike kwenye jani. Tena ananyofoa kila jani lenye doa na kulichoma. Kazi ya kuchosha, haina elimu yoyote.

Mchana nikautazama ua wa shule. Mkonge! Umesimama pale miaka yote. Nani amewahi kuona mkonge ukiugua?

Alhamisi, 6 Juni

Nimeponda majani ya mkonge kwa jiwe. Maji ya kijani, povu tele. Stefania, ambaye baba yake hukata mkonge kwenye mashamba ya Hale, akapiga kelele: "We Rehani, una wazimu? Hayo yanawasha! Baba akitoka kazini hatumgusi mpaka aoge!" Nikamwambia mimi nimesoma. Anaogopa kushindwa, basi. Nimenyunyiza mara mbili. Mikono inaniwasha mpaka viwiko. Shingo pia. Dalili nzuri: dawa ina nguvu.

Ijumaa, 7 Juni

Nimenyunyiza tena kabla ya ukaguzi, majani yang'ae. Yaling'aa! Mwalimu Habakuki akauliza, "Rehani, hapa umefanya nini?" Nikaonyesha kwa kidole. Akainama, akayapapasa majani moja moja, akayageuza, akaguna kwa kuridhika. Kisha akajifuta jasho usoni. Kisha shingoni. Akaanza kujikuna. Akatimua mbio hadi kwenye pipa la maji, darasa la saba zima likimtazama. Wenzangu walicheka. Mimi nilikuwa najikuna.

Stefania anakwenda Korogwe. Tuta lake halina doa jipya hata moja. Alimwambia Mwalimu ile dawa ni mwarobaini wa Rehani. Mwalimu, jicho moja limevimba, akasema jina hilo lisitajwe tena leo. Tuta langu limeng'olewa.

Jumamosi, 8 Juni

Zizini tangu asubuhi. Stefania alipita. Akasema, "Profesa, ungeuvumilia mwarobaini kidogo tu, ungekwenda wewe." Alisema na mengine, sikuyasikia. Nyuma yake, juu ya lundo la samadi, niliona mnanaha, ule mmea ambao Bibi husema ukiliwa hutia wazimu. Umenawiri! Hauna doa, na ng'ombe wanaukwepa. Sasa najua kosa langu lilikuwa wapi: mkonge ni dhaifu.

Nimeuponda, ndoo imejaa. Mchicha wa Mwalimu Habakuki, ule ulio chini ya dirisha lake, una madoa meupe. Maskini, hajayaona. Simwambii. Kesho akiamka atakuta nimeshamnyunyizia.