Bila Turufu Moja ya Kapteni

Mvua ndiyo iliyomwingiza Kapteni Lionel Tabberer katika klabu ya briji ya Whinsea, mvua pamoja na harufu ya skonzi za moto. Kuhusu ukapteni wake sitasema neno. Alikuwa na koti la vifungo vya shaba na alikuwa na kiko, na katika mji wetu wa pwani ya Uingereza, ambako kila mtu wa tatu ni mstaafu, vitu viwili hivyo vinatosha kumpa mtu meli.

Akamimina chai, akaketi pembeni, akaanza kazi yake ya siku zote, yaani kusikiliza. Kwenye meza ya jirani, Bwana Reg Gadsby, muuza magari ya mitumba, alikuwa akimnung'unikia mwenzake wa karata, Daktari Ivo Lambe, daktari wa meno.

"Tumeshinda miaka miwili mfululizo, Ivo. Tukishinda na mwaka huu, kibanda ni chetu moja kwa moja."

"Ni chako, Reg. Mimi nakuja kucheza karata tu."

"Basi zicheze vizuri! Nakivunja kile kibanda, naweka duka la aiskrimu lenye taa za rangi na muziki. Anayeninyima usingizi ni mmoja tu, yule Bi Pockett."

Kibanda chenyewe kilikuwa cha mbao, kimepakwa rangi ya buluu, kikitazama bahari kutoka mahali pazuri kuliko vyote ufukweni. Marehemu Bwana Pockett alikijenga kwa mikono yake, kisha akakiachia klabu kiwe tuzo: jozi inayoshinda mashindano ya majira ya kuchipua hupewa ufunguo kwa kiangazi kizima, na jozi itakayoshinda mara tatu mfululizo hukimiliki kabisa. Marehemu alipoandika hivyo alidhani anatia chumvi mchezo. Hakuwa bado amekutana na Reg Gadsby. Mjane wake, Bi Thirza, alikuwa akijishindia ufunguo mara kwa mara akicheza na dada yake, mpaka dada alipohamia Kanada. Tangu hapo hakuwa na mwenzi wa kudumu, na aliishia kukitazama kibanda cha mumewe akiwa nje ya mlango.

Kapteni akaweka kikombe chini taratibu. Upande mmoja kulikuwa na mtu mwenye tamaa na magari. Upande wa pili kulikuwa na mjane asiye na mwenzi. Kilichopungua katikati ni bwana mmoja mwenye vifungo vya shaba, naye alikuwa ameshafika, tena amekula skonzi mbili.

Kesho yake yeye na Gadsby walikuwa nyuma ya duka la magari, wameegemea gari la kijani lisilo na paa.

"Hili hapa," alisema Kapteni akilipapasa. "Nitakuwa mwenzi wa Bi Pockett, na nitampeleka shimoni kwa mwendo wa heshima. Siku ukikabidhiwa kibanda, mimi naondoka na hili."

"Nitajuaje lini nikupige?"

"Reg, bwana wangu, hapa nyote mnacheza bila turufu dhaifu, sivyo?"

Ndivyo. Anayeicheza briji huhesabu nguvu ya karata zake kwa pointi, na zote kwa pamoja ni arobaini. Kwingine, mtu hafungui mnada kwa kusema "bila turufu moja" mpaka awe ameshiba pointi, maana ni ahadi ya kula mikono saba, yaani mizunguko saba ya karata, bila rangi yoyote kuwa turufu. Sisi husema tukiwa na kumi na mbili hadi kumi na nne, nguvu ya wastani tu. Ndiyo mfumo wetu tangu zamani. Unamwambia mwenzako ukweli mapema, na papo hapo unawaziba midomo wapinzani kabla hawajaelezana walicho nacho. Hatari yake ni moja. Mpinzani akijua kwamba huna kitu, atasema "mara mbili", hasara yako itakua maradufu, na utakwenda nyumbani kwa miguu.

"Kiko kikiwa mdomoni," alisema Kapteni, "nimesema kweli. Kiko kikiwa mezani, sina kitu. Wewe sema mara mbili, ule, unywe."

Gadsby akacheka mpaka akalazimika kuushika mlango wa gari.

Kumpata Bi Pockett kulikuwa rahisi kiasi cha kumkera Kapteni, maana hata mwizi hupenda mlango uwe na kitasa. Alimkuta anakata tango kwa ajili ya sandwichi za klabu.

"Bibi, nimesikia unatafuta mwenzi."

"Kapteni, natafuta mtu mwenye kufuata mfumo. Unacheza bila turufu ya namna gani?"

"Dhaifu, bibi. Kama moyo wangu."

"Moyo sitauhitaji," alisema Bi Pockett, akaendelea kukata tango. "Kumi na mbili hadi kumi na nne, basi. Na ukikosea utaniambia, nami nikikosea nitakwambia. Alhamisi saa nane."

Wakacheza Alhamisi hiyo, na nyingine, na nyingine. Gadsby alitaka kuona ishara ikifanya kazi kabla ya siku yenyewe, hivyo Kapteni akawa anamwonjesha: leo kiko mdomoni, kesho kiko mezani. Kila kilipolala mezani Gadsby alisema "mara mbili" kwa sauti ya mtu anayeagiza bia, na Bi Pockett akaandika hasara yao bila kulalamika. Baada ya mchezo alisema tu, "Bahati mbaya, mwenzangu," akamsogezea Kapteni sahani ya keki. Kapteni alianza kumwonea huruma kidogo. Huruma yake ilikuwa ya aina isiyomzuia mtu kuendesha gari.

Siku ya mashindano ukumbi ulijaa. Utaratibu ni kwamba karata zile zile zilizogawiwa hupitishwa kila meza, kisha jozi hulinganishwa na jozi nyingine zilizoshika karata hizo hizo. Kwa hiyo haitoshi kushinda, lazima ushinde kuliko wenzako. Na ukishindwa, kuna kushindwa kidogo na kushindwa sana.

Kufikia raundi ya mwisho walikuwa wanakabana, Bi Pockett na Kapteni wake upande mmoja, Gadsby na daktari upande wa pili. Bahati ikawaleta meza moja. Ilibaki migao miwili tu.

Sasa, sisi tuna desturi. Ukikaa na wapinzani wapya huanzi kucheza kabla hujawaeleza mfumo wenu, na chochote unachokijua kuhusu minadi ya mwenzako, wao wana haki ya kukijua. Mnada wenye maana ya siri kati ya watu wawili ni wizi. Watu wetu wanaweza kudanganyana kuhusu umri, kodi na samaki waliowavua, lakini hilo hapana.

"Bila turufu yenu, Bi Thirza?" aliuliza Daktari Lambe kwa adabu.

"Dhaifu, Ivo. Kumi na mbili hadi kumi na nne." Akapanga glavu zake. "Hayo ndiyo tuliyokubaliana. Ila nimecheza na Kapteni kwa muda sasa, na nimegundua jambo, nami siwezi kulijua peke yangu. Kiko kikiwa mdomoni, anazo kweli. Akikiweka mezani, huwa hafiki hata tisa. Nadhani ni mazoea tu. Lakini na ninyi mjue."

Daktari wa meno akafungua mdomo kama wateja wake. Meza za jirani zikageuka. Kiko kikamtoka Kapteni mdomoni, kikadunda mezani.

"Kama hivyo," alisema Bi Pockett.

"Msimamizi!" aliita daktari. "Ambrose! Njoo huku, tafadhali. Mimi hata kusikia hili sikutaka."

Bwana Ambrose Fenn, msimamizi, alisikiliza kisa kizima huku ameinamisha kichwa. "Limetangazwa, kwa hiyo hakuna aliyefichwa," alisema hatimaye. "Lakini tunanadi kwa maneno, Kapteni, hatunadi kwa tumbaku. Nipe hicho." Akakitia kiko mfukoni mwa koti lake, akaenda zake.

Mgao wa kwanza ulipita kimya. Gadsby hakuwa anatazama karata. Alikuwa anamtazama Kapteni, na jasho lilimtoka kwenye kipara.

Mgao wa mwisho, Kapteni akazitazama karata zake: pointi saba, za kusikitisha. Zamu ya kwanza kusema ilikuwa yake. Moyo ukamtulia. Huu hapa mlango wa gari, umeachwa wazi.

"Bila turufu moja," alisema.

Kisha akamkonyeza Gadsby. Gadsby hakutikisika. Akakonyeza tena, kwa jicho lote na sehemu ya shavu. Akakohoa. Akatazama dari kama mtu aliyepoteza kila kitu duniani.

Gadsby alikuwa ameshika pointi kumi na saba. Mtoto angesema "mara mbili". Lakini Gadsby alikuwa anafikiri, na hilo lilikuwa jambo geni kwake. Siri ya kiko waliijua watu wawili. Mjane ameijuaje? Mazoea, eti! Wamepanga. Huyu ameniuza. Na sasa ananikonyeza niseme mara mbili, kwa sababu safari hii anazo, kumi na nne kamili, na bibi yake ana mzigo uliobaki, na ninyolewe mbele ya mji mzima.

"Pasi," alisema Gadsby, yaani hanadi kitu, kwa tabasamu la mtu aliyeruka mtego.

"Pasi," alisema Bi Pockett.

Daktari Lambe alikuwa na pointi kumi. Akaona mwenzake mkubwa amenyamaza, akaamini hana kitu. "Pasi."

Kapteni akabaki na mnada wake mkononi kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani. Aliahidi kula mikono saba kati ya kumi na tatu, akala mitatu. Ilikuwa aibu, lakini aibu ndogo. Kwenye meza nyingine zote, aliyeketi kiti cha Gadsby alinadi juu na kujizolea pointi za mchezo mzima. Gadsby, kwa karata zile zile, alizoa vumbi.

Bwana Fenn alijumlisha mara moja, akajumlisha tena, akapanda jukwaani.

"Kwa tofauti ndogo kuliko zote nilizowahi kuziona, ufunguo unakwenda kwa Bi Thirza Pockett na Kapteni Tabberer."

Katika makofi, Gadsby alimminya Kapteni mkono mpaka vidole vikalia. "Msaliti mkubwa wewe!"

"Mimi? Nimekukonyeza mpaka jicho linaniuma!"

"Ndiyo maana sikukuamini!"

Nje, gari la kijani liliunguruma likaondoka, likimrushia Kapteni maji ya barabarani kwenye suruali. Akageuka kutafuta kituo cha treni, lakini mkono mwembamba wenye glavu ulikwisha kumshika kiwiko.

"Unakwenda wapi, mwenzangu? Tunapigwa picha."

"Picha?"

"Ya gazeti la mkoa. Hupiga washindi kila mwaka. Linasomwa pwani yote, mpaka kule magharibi."

Rangi ikamtoka Kapteni usoni. "Bi Thirza, ulijua. Tangu lini?"

"Nilijua nini, Kapteni?" alisema kwa upole. "Mimi nilitangaza nilichokiona. Ningekuwa na mwenzi mwaminifu, Reg asingethubutu kunyamaza na zile kumi na saba. Simama wima. Kidevu juu kidogo."

Taa ikamulika. Kapteni aliondoka kwa treni ya kwanza, akiwa bado anaona nyota.

Picha ilitoka vizuri sana, vifungo vyote vikionekana. Jumanne iliyofuata Bi Pockett alikuwa amefungua milango ya kibanda cha buluu, birika likichemka, alipofika mwanamke mmoja mwenye kofia ya majani, gazeti kwapani, akiuliza kwa sauti kavu alipo Kapteni, ambaye kwake alikuwa Meja. Hajamaliza kueleza, akafika wa pili, ambaye kwake alikuwa Daktari. Wa tatu alikuja na mwavuli, ameushika kama rungu. Huyo alikuwa ameolewa naye.

Bi Pockett aliwasikiliza wote watatu mpaka mwisho, hakumkatiza hata mmoja. Aliwamiminia chai. Kisha akawahesabu kwa macho, akajihesabu na yeye, akavuta meza ndogo katikati.

"Bila turufu yenu, mabibi, ni ya nguvu gani?"

"Dhaifu," walijibu wote watatu kwa pamoja.

"Vizuri," alisema Bi Pockett, akamsogezea mwenye mwavuli karata. "Gawa wewe, mpenzi. Una mikono yenye hasira, itazichanganya vizuri."