Mlonge wa Unyanyembe

Ulikuwa mwaka ambao sukari ilizungumzwa kama ndugu aliyekwenda ng'ambo: kila mtu alimkumbuka, na hakuna aliyejua atarudi lini. Kwa hiyo Salehe, aliyekuwa ameegemea baiskeli yake pale kituoni Kwa Mathias, alipoona sisimizi wanapanda kikapu cha mtu, hakuwachukulia kijuujuu. Sisimizi hawadanganyi. Hawana sababu.

Walitoka kwenye vumbi kwa mstari mmoja, wenye nidhamu kuliko foleni yoyote ya duka la ushirika, wakapita juu ya kiatu, wakapanda ukindu, wakapotelea chini ya kitambaa. Mwenye kikapu alikuwa mtu wa makamo, tumbo limetangulia, mkono mmoja umeshika kiuno kama anakizuia kisitoroke.

"Mgongo huo, mzee," Salehe akasema huku anatazama barabara, "una miaka mitatu."

"Minne," mtu yule akajibu. Halafu akageuka. "Wewe umejuaje?"

"Umelalia mguu wa kushoto."

Kila binadamu akisubiri basi hulalia mguu mmoja au mwingine, ila wachache huambiwa. Yule mzee akautazama mguu wake wa kushoto kwa heshima mpya, na kabla basi halijafika alikuwa amekwisha kusema yote. Anaitwa Matano. Ni karani wa duka la kijiji, huko pembeni ya Dutumi. Ijumaa ya wiki inayokuja anaoa mke wa pili, binti anaitwa Mwanakheri, na mgongo wake haumpi matumaini.

"Kuna mzizi," Salehe akasema, halafu akanyamaza kama aliyejuta.

"Mzizi gani?"

"Aa, wacha tu. Si wa huku."

Hapo ndipo palipokuwa na elimu yote ya Salehe. Yeye mwenyewe alikuwa Mzaramo, amezaliwa Maneromango, Kisarawe, na mizizi yake aliichimba nyuma ya nyumba ya shangazi yake, kwenye ua wa milonge. Lakini alijua kwamba dawa iliyochimbwa ng'ambo ya kilima haimponyi mtu. Dawa ya kweli lazima ipande treni. Kwa hiyo mlonge wake aliukausha, akaufukiza kwa moshi wa makumbi mpaka ukawa mweusi, akauviringa kwenye kaniki, na kuanzia hapo ukawa umetoka Unyanyembe. Naye akawa Mihambo, Mnyamwezi wa Tabora, mjukuu wa mganga wa watemi.

"Unatibu nini hasa?" Matano akauliza.

"Afadhali uniulize hautibu nini. Mgongo, kiuno, magoti, gesi, kikohozi cha usiku, macho ya hasidi. Mwanamume akijipaka siku saba, siku ya nane watu wa nyumbani hawamsalimii wakidhani ni mdogo wake."

"Bei yake?"

Salehe akasikitika. "Hela mizimu ya kwetu haipokei, mzee. Inataka kitu cheupe na kitamu. Zamani ilikuwa asali nyeupe, lakini siku hizi…" Akayaacha maneno yajimalizie, na macho yake yakashuka polepole hadi kwa sisimizi.

Walikubaliana kilo thelathini.

Msimhukumu Salehe haraka. Alikuwa fundi cherehani, isipokuwa hakuwa na cherehani. Muhindi mmoja Kariakoo alikuwa nayo, ya miguu, na alikwisha kusema kwa kilo thelathini za sukari anaiachia, maana ana harusi na wageni mia mbili. Akipata cherehani, Salehe aliapa, ataacha uongo. Angalau ule mkubwa.

Kesho yake asubuhi akaingia kijijini na baiskeli yake, kofia ya nyuzi kichwani, kaniki kifuani. Matano alimpokea mlango wa nyuma wa duka. Mlango wa mbele ulikuwa na wanawake kama ishirini, wameambiwa sukari haijaja, nao wanaisubiri hivyo hivyo. Mzizi ukabadili mikono. Gunia likafungwa nyuma ya baiskeli, juu yake yakatandazwa makumbi ya nazi, na kwa mbali mtu angesema ni kuni.

"Usipite mbele ya duka," Matano akamwonya.

Lakini njia ya nyuma ilikuwa mchanga, na baiskeli yenye kilo thelathini mchangani ni sawa na ng'ombe aliyelala. Salehe akapita mbele.

"Karibu mgeni," akaita mama mmoja mtu mzima, mrefu, mkavu, amekalia ndoo iliyopinduliwa. Aliitwa Bi Sikudhani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unatokea wapi na makumbi? Makumbi huku yamejaa mpaka tunayatupa."

Matano, aliyekuwa ameuzunguka upesi ukuta kuja kuokoa jahazi, akalitoboa. "Mwacheni mgeni apite, jamani. Huyu ni mganga mkubwa, Mnyamwezi wa Tabora."

Bi Sikudhani akainuka kutoka kwenye ndoo, akajifunga khanga upya, akamwendea Salehe, akamvua kofia, akaivaa yeye.

"Mnyamwezi," akasema. "Na ulikuwa unapita hivi hivi bila kutusalimia watani zako?"

Mwongo hodari hukumbuka kila kitu, lakini Salehe alisahau jambo ambalo mtoto wa Kizaramo hulijua kabla hajaota meno: Mnyamwezi ni mtani wetu. Mtani akiingia nyumbani kwako chake ni chako, ukichukua hakasiriki, na akikasirika basi si mtani, na kama si mtani, si Mnyamwezi.

"Babu yako alipita hapa na pembe za ndovu mabegani," Bi Sikudhani akaendelea kwa upole. "Akanywa mtungi mzima wa babu yangu. Hakusema hata ahsante. Justa, chukua pampu ya baiskeli."

Justa, mke wa mwalimu, alikuwa mtu wa Moshi na hakuhusika kabisa na utani huo, lakini pampu aliichukua.

"Jibu basi, mtani," akasema mwingine. "Au ulimi umeuacha kwenye treni?"

Mnyamwezi wa kweli angejibu. Angewaambia Wazaramo wanacheza ngoma mpaka mihogo inaliwa na nguruwe, na mengine ya kuumiza zaidi. Lakini Salehe utani wote alioujua tangu utotoni ulikuwa wa upande wa pili. Akaupekua moyoni, na kila tusi aliloliokota lilikuwa la kumtukana Mnyamwezi.

"Sisi…" akaanza. "Sisi Wanyamwezi tunapenda sana kubeba mizigo."

Wanawake wakaangua kicheko.

"Basi utue, baba, umechoka," akasema Bi Sikudhani, na mikono sita ikalishusha gunia. Makumbi yakaanguka. Kamba ikafunguliwa. Sukari ikachungulia jua kwa mara ya kwanza tangu mfungo.

Wote wakamtazama Matano.

Matano akafungua mdomo. Kudai gunia maana yake ni kusema lilitoka wapi, na mwaka ule waliokuwa wakificha sukari walikuwa wakichukuliwa kwa gari la serikali, hata bila kuruhusiwa kubadili shati. Akaufunga mdomo.

Wakati huo huo akatokea mwenyekiti wa kijiji, Mzee Jumbe, mtu asiyependa mambo yatokee bila kikao.

"Sukari hii imetoka wapi?"

"Kaleta mtani wetu," Bi Sikudhani akasema. "Katoka nayo Tabora."

"Ni kweli, Matano?"

"Ndiyo, mwenyekiti," Matano akasema kwa sauti ya mtu anayezikwa. "Ametoka nayo Tabora."

"Ndugu mgeni?"

Salehe akaiona cherehani ya Kariakoo inaondoka, gurudumu linazunguka lenyewe. "Tumezoea, mwenyekiti," akasema. "Ni utani."

Kijiji kikampigia makofi. Sukari ikagawiwa kikombe kwa kikombe, na Matano akapewa kikombe chake kama watu wengine, tena cha mwisho.

Chai ikachemshwa pale pale, na Salehe akakalishwa kwenye ndoo. Ilikuwa tamu mpaka ikamuudhi.

"Baiskeli yangu, mama," akasema kwa unyonge.

"Ikomboe. Toa hiyo kaniki."

Akatoa. Bi Sikudhani akaifungua, akanusa, akavunja kipande, akatikisa kichwa.

"Mlonge. Umeubabua wa watu bure. Huu unapondwa mbichi, unakandwa magoti na mgongo, kidogo tu, ukizidisha unachubuka ngozi. Na kikohozi hautibu, usidanganye watu." Akageuza shingo. "Na wewe Matano, wako uko nyuma ya choo chako. Unautundikia suruali."

Akamrudishia Salehe kofia, pampu na baiskeli. Akamsindikiza mpaka kwenye mkorosho wa mwisho, na hapo akamtia kifurushi mfukoni, sukari imefungwa kwenye gazeti.

"Hii mpelekee mama yako Maneromango. Mwambie Sikudhani anamsalimu, aliyechezwa naye unyago chini ya mkole mmoja."

Salehe akasimama. "Ulinijua?"

"Tangu unaingia. Una pua ya babu yako, Mzee Pazi. Na yeye alikuwa akiuza mizizi, ila alikuwa akijiita Mmanyema. Wamanyema si watani zetu, hatuna kesi nao. Nenda salama, mwanangu."

Jioni, akisubiri Kwa Mathias lori la kumpeleka nyumbani na baiskeli yake, Salehe alihisi kitu kinamtekenya. Akatazama chini. Sisimizi walikuwa wamepanda kiatu, wamepita goti, wanaelekea mfukoni kwa mstari mmoja.

Pembeni yake mtu mmoja nadhifu, mwenye mkoba wa ngozi, alikuwa anaitazama barabara.

"Mgongo huo, ndugu yangu," akasema yule mtu, "una siku ngapi?"