Gata Langu la Kiwanja Namba 22

Jumatatu, 13 Januari

Barua mlangoni! Ya Bi. Tuckwell, meneja wa kambi hii ya magari ya kuishi. Eti mpira wetu wa majitaka umelala chini kama nyoka aliyeshiba, na kanuni ya tisa inataka uinuliwe juu ya kibebeo, uteremke sawasawa kutoka kwenye gari hadi tundu la bomba. Ukaguzi Jumamosi, saa nne asubuhi. Tukishindwa tunahamishiwa safu ya nyuma, kando ya mapipa ya taka, na kiwanja namba 22 anapewa anayefuata kwenye orodha.

Anayefuata ni Gaylord Pruett, naibu mkuu wa shule mstaafu. Sihitaji kuuliza nani kapeleka umbea.

Majira manne ya baridi tumekisubiri kiwanja hiki! Kila Novemba tunaikimbia theluji ya Nebraska, tunakuja hapa Arizona na nyumba yetu ya magurudumu, tunapewa mahali pa kutazama mkia wa gari la mtu. Sasa Ardith, mke wangu, anakunywa kahawa akiangalia milima. Hanyang'anywi na mtu aliyepata pensheni kwa kupiga kengele.

Na mimi ndiye wa kufundishwa mteremko? Mimi, Verlin Stucky, niliyeanza kazi na ngazi moja ya kuazima? Nimefunga magata ya mvua kwenye mapaa ya watu maili tatu kila mwaka, miaka thelathini na minane. Maili mia moja na kumi na nne. Maji yananijua kwa jina.

Ardith kashauri ninunue kile kibebeo cha plastiki kinachokunjuka kama kodiani. Kila mtu anacho, akasema. Nikamjibu ndiyo sababu sikitaki.

Jumanne, 14 Januari

Dukani tangu asubuhi. Nimevichunguza vyote. Cha plastiki: upande mmoja inchi saba, mwingine tatu, katikati kimebonyea kama punda mzee. Cha waya: miguu ya buibui, upepo mmoja wa hapa na kimefika Meksiko. Cha nusu-bomba za alumini: kizuri, lakini kimechongwa na mtu asiyejua kazi.

Binti wa dukani akauliza kama babu ameshapima kimo cha tundu la bomba. Babu! Nikamweleza robo inchi kwa kila futi, futi kumi na saba, jumla inchi nne na robo. Akasema hakuuliza hesabu, kauliza kimo. Vijana hawana subira.

Nimetoka na gata halisi la alumini. La nyumba. Futi kumi na tisa, kwa sababu fundi hakati kwa kubana.

Jumatano, 15 Januari

Limesimama! Vigingi saba, kila kimoja kifupi kuliko mwenzake kama watoto wa familia moja, gata juu yake linang'aa, mpira ndani yake umetulia. Nimeweka pimamaji mara kumi na nne.

Hapa kambini mtu akirudisha gari nyuma au akifungua koki ya tangi, majirani hutoa viti watazame. Leo walitoa viti. Gaylord alikuja na kahawa yake, akauliza kama hiyo ni ya majitaka au tunasubiri gharika. Nikamwambia wivu hauna dawa.

Tatizo dogo. Pale mpira unapotoka garini ni inchi tisa kutoka chini, na tundu la bomba limechomoza inchi sita. Mteremko ni inchi tatu tu. Nina upungufu wa inchi moja na robo. Binti wa dukani hakuwa na lolote, amebahatisha.

Alhamisi, 16 Januari

Nimepata! Gata haliwezi kushuka zaidi, basi gari litapanda. Nyumba yetu ina jeki nne za kuilaza sawa. Nimeipandisha upande wa mpira inchi tatu. Sasa mteremko ni inchi sita, na ziada inabaki! Watu wangapi hapa wangefikiria hilo? Nimehesabu. Hakuna.

Nimemwomba Ardith asitumie vyoo vya kambi mpaka Jumamosi, atumie chetu tu. Tangi la choo halifunguliwi kabla ya kujaa, ndivyo linavyosafika, na nataka Bi. Tuckwell aone kitu kamili.

Ijumaa, 17 Januari

Mayai sita yamebingirika kutoka mezani. Supu inakaa upande mmoja wa sahani. Kulala, Ardith ananiangukia. Kasema kama angetaka kuishi kwenye paa angenifuata kazini miaka ile yote. Nikamwambia haya ni mambo ya siku moja, na mlima uko palepale dirishani. Akasema ndiyo, ila sasa umelala ubavu.

Gaylord kapita akauliza, "Verlin, ndugu yangu, hiyo nyumba inapaa lini? Tuje kukuaga." Nimemwonyesha pimamaji kwenye gata. Kiputo kimekaa upande wa juu, palepale kinapotakiwa. Alicheka tu.

Jumamosi, 18 Januari

Saa nne kamili. Viti kumi na saba. Bi. Tuckwell na karatasi zake. Gaylord kiti cha mbele, mwisho wa gata.

Bi. Tuckwell akaliangalia gata, akalizunguka, akasema mwenyewe, mbele ya watu, hajawahi kuona mteremko kama huo. Naliandika hapa! Akaniomba nifungue koki.

Nikafungua. Kwikwi moja. Matone matatu.

Gaylord akasema tangi limegoma, labda lina chama cha wafanyakazi. Akaongeza, kwa sauti ya darasani, kwamba nimeinua upande wa kutokea, kwa hiyo tangi lenyewe limelalia upande wa pili, na kila kitu kimejikusanya kule nyuma. Mwalimu! Ardith akasema polepole, "Verlin, lifunge, tafadhali." Niliona anatazama milima.

Lakini mtu haachi kazi katikati. Nikabonyeza jeki, gari lishuke. Likashuka lote kwa mkupuo. Mpira ukavutwa, ukachomoka kwenye tundu la bomba. Na tangi, likiwa limelala sawa sasa, likakumbuka wajibu wake. La siku tatu.

Sasa nasema ukweli kwa ajili ya historia: hakuna tone lililomwagika njiani. Hata moja! Gata lilibeba yote, safi, kwa kasi, likapita juu ya tundu la bomba na futi zake mbili za ziada, hadi mapajani kwa Gaylord.

Jumatatu, 20 Januari

Kiwanja namba 61. Mapipa yako hatua nane, nimezipima. Gaylord yuko 22. Kanunua suruali mpya.

Ardith kaenda dukani peke yake, karudi na ile kodiani ya plastiki. Kaikunjua kwa dakika mbili. Inafanya kazi. Kakaa na kahawa yake akiyapa mapipa mgongo. Hilo liliniuma kuliko barua.

Kwa hiyo nimekaa nikatafakari kosa liko wapi. Gata halina kosa, watu kumi na saba ni mashahidi. Mimi sina kosa. Kosa ni vitu kusogea. Gari limesogea, mpira umesogea. Kibebeo cha kweli hakisogei. Nitakijenga cha zege, kuanzia gari hadi tundu, na mpira nitauzamisha humohumo. Mifuko sita ya saruji inatosha. Bi. Tuckwell akiona, ataturudisha 22 kwa kutuomba.

Ardith kauliza Machi tutaondokaje na gari lililofungwa kwenye zege. Nimemwambia hilo ni swali la Machi. Nimeshaanza kukoroga, na zege halilali.