Mlango Wangu, Wimbo wa Cletis

Jumatatu, 5 Machi 1956

Redio ya kinyozi imeupiga wimbo ule mara tatu kabla sijanyolewa upande mmoja. "Mlango Utavunjika", wa Cletis Pruitt. Mji mzima wa Jackson unauimba. Kinyozi anatikisa kiuno, wembe uko shingoni mwangu! Nikawatangazia wote kwamba mlango wenyewe ni wangu. Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na tumbaku.

Lakini ni kweli. Oktoba mke wangu Ozella aligundua nimebadilisha cherehani yake kwa gita la besi, lile refu la kusimama nalo. Alinifokea, akabamiza mlango wa jikoni, akaenda kwa dada yake, mjini Corinth. Cletis, mwenzangu wa muziki, alikuwa mezani, anakula maharage yetu. Mimi nililia. Yeye aliandika.

Siku ya kurekodi nilikataa kwenda kumpigia besi. Nilisema muziki ule wa kurukaruka hautafika Pasaka. Pasaka hiyoo inakuja, na wimbo bado unapanda.

Jumatano, 7 Machi

Nimekwenda kwa Cletis kudai jina langu liandikwe kwenye santuri. Ana gari jipya la rangi ya waridi. Hakunifukuza, na hilo ndilo lililoniuma. Alinikaribisha kahawa, akaniita kaka. Akasema maneno yote ni ya Ozella; akija mwenyewe, ataandikwa, anaapa. Nikauliza, na mimi je?

"Wewe, Arvel, ulitoa sababu."

Sababu! Nimerudi kwa miguu. Mvua njia nzima.

Alhamisi, 8 Machi

Nimemwandikia Ozella kwamba kifua kimenishika, siku zangu zinahesabika. Akija, nitamshawishi adai, kisha tutagawana sifa. Mwandiko nimeutetemesha kidogo. Nimefanya mazoezi ya kukohoa mbele ya kioo. Safi sana.

Ijumaa, 9 Machi

Ushahidi! Nimeung'oa mlango wa jikoni, nikaubeba mgongoni hadi kituo cha redio. Mtangazaji aliutazama, akauliza kama unaimba. Nilipogeuka kwa hasira niligonga nguzo, ukapasuka katikati. Vipande nimeviacha barabarani.

Jikoni sasa ni wazi. Upepo unaingia bila hodi. Mbwa wa jirani amekula mkate wangu wa mahindi, akanitazama kama vile mimi ndiye mgeni.

Jumapili, 11 Machi

Kifua kimenishika kweli. Sikwenda kanisani. Hakuna aliyekuja kuuliza.

Jumanne, 13 Machi

Ozella amekuja! Alisimama palipokuwa na mlango, akapapasa bawaba tupu. Alitundika blanketi pale penye uwazi, akanipikia supu, akanisugua kifua kwa mafuta ya taa na mafuta ya nguruwe. Amekonda. Mikono yake ilikuwa na baridi.

Nikamweleza habari ya Cletis na jina kwenye santuri. Akasema hataki jina.

"Majirani wa dada wanaupiga kutwa," akasema. "Najifunika mto. Nilikuwa nalia siku ile, Arvel, na watu wanakichezea dansi kilio changu."

Kisha akakaa kitandani, karibu kabisa. Akasema amechoka kulala kwenye kochi la watu. Hata cherehani ameshaisamehe. Niombe radhi tu, neno moja, sanduku lake liko kituo cha basi, naye atalifuata.

Moyo ulinidunda. Maneno yale! Kilio, dansi, kochi la watu! Nikachomoa penseli chini ya mto, nikamwomba arudie hilo la kilio, polepole, na kama anaweza, kwa hasira zaidi.

Alinitazama. Akavaa koti. Akafunika supu isipoe. Akaondoka bila hata kupandisha sauti.

Alhamisi, 15 Machi

Supu imekwisha. Nyumba imepoa mno. Nimekaa na ile karatasi, nina mstari mmoja na nusu wa wimbo wangu, na nusu yenyewe siioni vizuri kwa machozi.

Barua kutoka Corinth. Mama mkwe anakuja Jumamosi kuchukua vyombo na nguo za bintiye, na anasema ana mambo ya kuniambia ana kwa ana. Yule mama akianza kufoka, hata kuku huacha kutaga.

Nimeazima mashine ya kunasa sauti kwa mchungaji. Nimemwambia ni ya zaburi. Itakaa nyuma ya pipa la unga. Safari hii sipotezi hata neno moja!