Mvua ya Upande Huu

Jumatatu, 8 Novemba 1999

Leo nimeona kitu. Baa ya karibu na ufukwe wameweka dishi, na kabla ya mpira kuanza wakaonyesha hali ya hewa ya Ulaya. Si kama yule bwana wa redio anayesema mvua itanyesha "hapa na pale". Ramani nzima, na mvua yenyewe inatembea juu yake wakati uleule inaponyesha! Kijani manyunyu, njano mvua, nyekundu balaa. Mama mmoja wa Kizungu akanyoosha mkono, akasema mji fulani utalowa baada ya nusu saa. Wanaiita radar. Kimenyi, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, akasema yeye mashine haimhusu, goti lake la kushoto linamtosha. Kimenyi na goti lake. Nimemvumilia tangu nirudi kutoka Karagwe.

Mpira sikuuona. Nilikuwa nawaza. Asubuhi Joanita wa kabini ya simu aliniambia kwamba binti yangu Mutoni anahama. Mume amepata kazi Bukavu. Wanaondoka na meli ya Jumamosi ya wiki ijayo, wao na mtoto. Mtoto ambaye sijawahi kumshika.

Kila siku Mutoni anavuka mpaka pale Petite Barrière kutoka Goma na vitenge vyake, anakwenda soko la huku, jioni anarudi. Mlangoni kwangu anapita kwenda na kurudi. Haangalii. Nami siangalii, ila kupitia pazia.

Mwaka wa pili huu hatusemeshani. Yeye anasema sikuja kwenye harusi yake. Mimi nasema siku ile mvua ilinyesha. Nani asiyejua nchi hii? Mvua ni udhuru halali, hata hakimu anaukubali. Yeye anasema Goma siku hiyo vumbi lilikuwa linaruka. Inawezekana. Upande huu ilinyesha. Kwamba bwana harusi ni Mwislamu, hilo sikulitaja hata mara moja, na mtu asiniwekee maneno mdomoni.

Baba hawezi kuanza. Lakini mvua inaweza. Huku kwetu ikikukuta njiani unaingia nyumba iliyo karibu, hata ya adui yako. Hupigi hodi, huulizwi kitu, unapewa kiti. Kugama, wanaita. Hakuna anayeinama wala anayeomba radhi, na mkishakaa chumba kimoja na mtoto analia, mtaongea tu. Nikijua ni wakati gani hasa mvua itashuka mbele ya mlango wangu, mengine nitayapanga mwenyewe.

Jumanne, 9 Novemba

Radar iko tayari. Nimeng'oa mlango mmoja wa kabati la marehemu mke wangu, nikachora kwa mkaa: ziwa, Rubona, mto Sebeya, milima, mpaka, na nyumba yangu katikati (kubwa kidogo). Manyunyu ni njegere za kijani. Mvua ni mahindi. Balaa ni maharage mekundu. Nimeuweka barazani, kwenye benchi, unaonekana vizuri.

Mtazamaji wangu ni dada Verediane, mwenye duka kule Rubona. Mbele yake liko ziwa lote, pembeni Sebeya inamwaga maji. Sebeya ikigeuka rangi ya udongo, ujue huko juu inanyesha. Basi yeye akiona anapiga kabini, Joanita anapaza sauti kuvuka barabara, mimi nasogeza nafaka.

Verediane akauliza kwa nini nisivuke tu Barrière nikamsalimu mjukuu. Eti ni mwendo mfupi. Nikamwambia haelewi teknolojia.

Alhamisi, 11 Novemba

Imefanya kazi! Mchana Verediane akapiga: Sebeya imekuwa kama chai ya maziwa, na wingu limeshapita Rubona. Nikapanga mahindi, nikapima kwa vidole. Nikafagia, nikaweka kiti chenye mto, nikabandika maziwa motoni kwa ajili ya mtoto.

Mvua ikashuka kama nilivyosema. Mlango ukafunguka. Kimenyi!

Nyumba yake iko ng'ambo, anaiona kabisa kutoka hapo aliposimama. Akasema bon, basi, mvua imemkuta upande wangu, afanyeje. Kumfukuza siwezi, mila ni mila. Akakaa kwenye kiti chenye mto, akanywa maziwa yote, akanieleza kuhusu goti. Wakati huo kuku wake akapanda barazani akala mvua yote ya Rubona.

Mutoni alipita ilipokatika, viatu mkononi, anaruka madimbwi. Mtoto alikuwa amelala mgongoni. Nimeona kofia tu, nyekundu, ya kufumwa. Nimebaki nayo machoni jioni nzima.

Jumamosi, 13 Novemba

Nimekuwa mtu maarufu. Joanita ana sauti ya mnadani, kwa hiyo kila Verediane anaponipa habari, mtaa mzima umezipata. Wanaoanika mihogo wananiuliza. Wafyatua matofali wananiuliza. Kwaya imeniuliza kuhusu mazoezi. Wananiita Muzehe Radar. Hata Kimenyi aliuliza, akajifanya ametumwa na mke wake.

Kwa hiyo leo, habari ilipokuja, nilitangaza mwenyewe kwa kifua: mvua saa kumi!

Saa tisa soko zima lilikuwa limefunga mizigo. Mutoni naye. Alipita mbio, mkavu, jua kali kichwani, hata jasho hakufuta. Nikamuuliza Joanita kulikoni. Akanishangaa. Akasema, "Muzehe, batu bote banakuamini. Ukisema saa kumi, nani atabaki kwa njia?"

Sikuwa nimeliwaza hilo. Radar ikisema kweli, mwanangu anapita mapema. Ikizidi kusema kweli, atapita mapema zaidi.

Saa kumi mvua ilinyesha, tena nzuri, barabarani hakuna hata mbuzi. Maziwa nilikunywa mwenyewe, yameshapoa na kufanya utando. Huzuni ya kunywa maziwa ya mtoto wa mtu peke yako siwezi kuieleza.

Jumanne, 16 Novemba

Leo nilitumia akili.

Verediane alipiga akihema: Sebeya imejaa na imechafuka, ziwa limekuwa jeusi, toa maharage. Nikayatoa, nikayafunika na kikapu. Kisha nikamwambia Joanita atangaze kwamba ni kukavu mpaka usiku. Akaniangalia kidogo. Akatangaza.

Mihogo ikaanikwa. Nguo zikatandazwa. Nikabandika maziwa.

Ilishuka na mawe yake, Mutoni akiwa palepale nilipomtaka, kati ya mlango wangu na wa Kimenyi, furushi kichwani, mtoto mgongoni, kitenge kimeshalowa. Mlango wangu niliuacha wazi wote. Nikasimama kizingitini. Akageuka. Akaniona. Miaka miwili, na leo ameniangalia usoni.

Na mimi, sijui ni nini, nikainua macho nikatazama mawingu. Kama mtu mwenye shughuli zake. Baba hawezi kuonekana anangoja.

Nilipoyashusha, alikuwa ameshaingia kwa Kimenyi.

Kupitia mlango wao nilimwona mke wa Kimenyi akimkausha mtoto karibu na moto. Nikamwona Kimenyi akimchezea kwa kofia ile. Mvua haikutaka kukatika. Nilisimama nikalowa mpaka ndani, na maziwa yakamwagikia motoni.

Jumatano, 17 Novemba

Mihogo ya watu imeharibika. Asubuhi sikusalimiwa na mtu. Mama mmoja alimwaga yake yote mbele ya baraza langu, mbichi na nyeusi, akaondoka bila kusema neno. Ningependa angesema.

Mutoni hakupita leo. Joanita amesikia kwamba mtoto anakohoa. Nikamwambia kosa si la radar, ni la mvua ya mawe, ambayo hata Ulaya inawasumbua. Joanita akasema hakuuliza kosa ni la nani. Kisha akaniambia jina la mtoto. Kwa baba yake anaitwa Zaina. Nyumbani Mutoni anamwita Mukasine.

Mukasine alikuwa mke wangu.

Nimekwenda kununua asali, ile nzito ya msituni, dawa ya kikohozi. Nilitaka kumpa mtu aivushe. Nikawaza: ikifika Goma, itakuwa mimi ndiye niliyeanza. Nimeiweka kwenye kabati. Upande huo wa kabati hauna mlango, kwa hiyo naiona kila ninapopita.

Ijumaa, 19 Novemba

Siku ya mwisho. Nilipiga kwa Verediane mwenyewe kabla hajafungua duka. Sebeya safi, ziwa limetulia, mbingu haina kitu. Nikamwambia aangalie tena. Akaangalia tena, kisha akasema kaka, acha mvua, nenda kwa mtoto wako. Nikakata.

Haiwezekani Novemba ikose mvua. Yawezekana Verediane haoni mbali. Kwa hiyo nilipanda mlima Rubavu mimi mwenyewe, na fimbo, na mkate. Kutoka juu unaona kila kitu, Goma yote, na maji mpaka yanapoishia. Nilikaa hapo mchana kutwa nikitafuta wingu. Kulikuwa na moja juu ya volkano ya Nyiragongo. Nalo lilikuwa moshi.

Nimeshuka jua linazama. Joanita alikuwa amekaa mlangoni kwangu, kabini ameifunga, jambo ambalo hafanyi.

Mutoni alikuja.

Bila vitenge, bila furushi. Alivuka kwa ajili hiyo tu. Aliuliza kama nipo. Alikaa kwenye benchi langu na mtoto, na mtoto akacheza na radar, akachukua mvua yote akaitia ziwani. Kikohozi kinapungua. Walingoja mpaka Barrière ikakaribia kufungwa. Joanita ilibidi aseme ukweli, kwamba muzehe amepanda mlimani kutafuta mvua. Mutoni akacheka kidogo, kisha akafuta macho. Akasema, "Hata leo mvua haiko, na baba haiko." Akambeba mtoto akaenda.

Kwenye ubao nimekuta njegere moja iliyotafunwa na kutemwa. Kaskazini mwa Rubona. Nimelia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumamosi, 20 Novemba

Kabla hakujapambazuka Kimenyi alikuwa mlangoni, koti amevaa, na kofia ya kanisani. Akasema twende, Barrière inafunguliwa saa kumi na mbili, tutaikuta meli. Atatembea nami, goti na yote. Sikutegemea hilo kutoka kwake.

Nikamwambia angoje. Verediane atapiga. Ziwa likichafuka meli haitoki, na isipotoka Mutoni atakuwa na siku moja zaidi, na akiwa na siku moja zaidi atakuja, maana jana alikuja. Ni hesabu rahisi. Kuondoka sasa ni kuharibu mpango ambao uko karibu kabisa kufaulu.

Kimenyi akasema, "Wellars, twende."

Nikasema angoje kidogo tu. Akaangalia kabati, akachukua asali, akaenda peke yake, anachechemea.

Verediane alipiga jua limeshatoka. Ziwa limelala. Sebeya inaonyesha mawe ya chini. Meli inapita mbele yake sasa hivi, watu wamejaa juu, naye amepunga mkono, ingawa kwa umbali ule hajui anampungia nani. Nikachukua harage moja nikaliweka Goma, nikalisogeza polepole, Verediane akinielekeza kwenye simu kupitia Joanita. Joanita hakupaza sauti leo. Alivuka barabara kila mara na kuninong'oneza. Likapita Rubona. Likapita visiwa. Likafika ukingoni mwa ubao, na ubao ukaisha.

Kimenyi amerudi mchana, vumbi mpaka magotini. Asali ameifikisha. Mutoni akamuuliza baba yuko wapi. Kimenyi akamjibu kwamba upande wetu mvua imemzuia. Mbingu ilikuwa kama hivi, nyeupe, bila kitu. Anasema Mutoni aliitazama mbingu hiyo muda mrefu, akaikumbatia ile asali pamoja na mtoto, akapanda.

Nimemshukuru sana Kimenyi. Ni udhuru halali, na hata Mutoni ameukubali.

Sasa nimekaa nautazama ubao na nimeona kosa liko wapi. Ni mdogo. Mvua za Machi zikianza nitang'oa na mlango wa pili wa kabati, niunganishe, ziwa lifike mpaka mwisho wake wa kusini. Nitahitaji mtazamaji huko, mtu makini, mwenye simu karibu, ambaye atanipigia kila akiona wingu linaanza safari ya kuja huku. Hapo tu ndipo penye ugumu. Bukavu namfahamu mtu mmoja, na huyo hatusemeshani.