Sumu Yangu na Moshi wa Vishwakarma

Jumatatu, 14 Septemba 1981
Mkurugenzi ameniita. Kampuni imechoka na sumu yangu ya wadudu wa mpunga. Maisha yangu yote ya ukemia, na bado wadudu wanaijia kama wageni wa harusi. Jaribio moja la mwisho. Likishindwa, nahamishiwa upande wa dawa za binadamu, chini ya Sudhamoy Lahiri. Lahiri! Mimi ndiye niliyemfundisha kushika chupa. Sasa anapika sharubati ya kikohozi na kutembea kama mkwe wa mfalme.

Nilikaa dirishani mpaka chai ikapoa. Mvua juu ya Kalkuta. Nililiona shamba la baba kule Barisal, majani ya mpunga yameliwa hadi kuwa meupe, mto ukipita nyuma ya jiko. Tangu nchi ilipogawanywa, shamba lile liko nchi nyingine. Sisi tulihama. Wadudu walibaki.

Jumanne, 15 Septemba
Nimepata hila! Alhamisi ni sikukuu ya Vishwakarma, mungu wa mafundi. Hakuna atakayegusa chombo. Mizani na darubini zitavishwa maua, zipumzike. Lahiri atakuwa juu ya paa, akirusha tiara. Kuhani atapita kila chumba na chetezo cha ubani. Wadudu wako katika vizimba viwili: kimoja nimekipulizia sumu yangu, kingine hakina sumu, ni cha kulinganishia. Nimemwomba kuhani, kwa adabu zote, akawie mbele ya kile changu. Sumu dhaifu, moshi mzito. Vikisaidiana, nani atajua?

Alhamisi, 17 Septemba
Siku tamu. Maua ya manjano shingoni mwa mizani. Tiara tele angani. Chumba cha wadudu kimejaa moshi, sikuingia, ningeonekana. Nimesinzia kitini, nikaota mpunga wa kijani kutoka hapa hadi Barisal, bila mpaka, kila suke likiniinamia.

Ijumaa, 18 Septemba
Msiba. Kuhani anasema kizimba changu kilimnukia vibaya, akarudi nyuma. Tena akaona si haki kile kingine kikose baraka. Akakaa papo hapo, akasoma sala nzima, chetezo mkononi. Wadudu wa kulinganishia wamekufa wote. Wangu wako hai. Wanakula!

Lahiri alikuja na mkurugenzi. Alivitazama vizimba kwa muda mrefu, kisha akaniwekea mkono begani.

"Kaka Abani," akasema, "hii si sumu. Hii ni dawa."

Mkurugenzi alicheka hadi akavua miwani. Nimehamishwa. Mke wangu, Hemlata, amesema afadhali, sasa huenda shuka zikaacha kunuka.

Jumatatu, 21 Septemba
Nimewaza siku mbili. Lahiri ni mchekeshaji, lakini si mjinga. Moshi uliwaua wadudu wasio na sumu, wangu wakasalimika. Kwa nini? Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu maisha yote! Kabla ya kazi nimemeza vijiko viwili vya sumu yangu, yaani dawa. Chungu kidogo. Mwili mwepesi, kama niko mashuani.

Jioni
Nimelazwa. Dari inapita polepole, kama mawingu. Hemlata analia na kunitukana kwa zamu. Daktari, kijana mpole, ameniuliza mara kadhaa nimemeza nini.

Sikumwambia. Ataiiba.